Salamu ya Upande wa Molo

Sisi wa ushirika wa waliookoka hatuanzi neno lolote bila kusalimiana. Ukibisha hodi, ukipiga simu, ukisimama kanisani kutoa ushuhuda, hata ukiingia kwa ndugu mwenye duka kununua misumari, unasema kwanza "Bwana asifiwe," kisha unangoja. Ukiitikiwa "Amina," ndipo unaendelea. Nimeishi na salamu hiyo tangu ujana wangu na imenifungulia milango mingi, namshukuru Mungu. Lakini kuna jambo moja ililotuficha, na ni mashine iliyolifichua.

Nina rafiki huko Molo. Tulianza kazi pamoja tukiwa mafundi wa simu, siku zile mitambo ya simu ilipojaza ghorofa nzima na ukitoka zamu masikio bado yanavuma. Nyumba zetu zilielekeana kule mtaa wa Section 58, mjini Nakuru. Wake zetu walianika nguo kwenye kamba moja, na mvua ikija ghafla, aliyekuwa karibu alianua za wote. Tulipostaafu, yeye alirudi kwenye shamba lao Molo, mimi nikajenga Kiamunyi, kando ya mji. Nilidhani tumemaliza habari za nyaya. Kisha chama kimoja cha wafugaji kikatuita sote kwa mkataba: mimi nitunze chumba cha mitambo ya kompyuta mjini Nakuru, yeye atunze chumba cha pili kule juu Molo. Humo ndimo zinamokaa kumbukumbu zote za maziwa ya wakulima wetu, nani ameleta kiasi gani na lini. Kompyuta moja ikiugua, nyingine inabeba mzigo.

Kila asubuhi, kabla sijavua koti, nilimpigia.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Upande wako uko sawa?"

"Uko sawa. Na wako?"

"Uko sawa."

Tukakata. Mke wangu alipofariki, niliripoti kazini mapema kuliko nilivyotakiwa, kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa mno. Asubuhi ile nilipiga simu kama kawaida, nikafika kwenye "Upande wako uko sawa?" na yeye akaniuliza wangu, nikashindwa kujibu. Hakuniambia nijikaze. Hakunitajia mapenzi ya Mungu. Alikaa kwenye laini bila neno, nikisikia anapumua na mvua ikigonga mabati ya kwao, mpaka nikamaliza kulia. Kisha akasema, "Haya, tufanye kazi," na tukafanya.

Kwa hiyo mtu akiniuliza yeye ni nani kwangu, siku hizi nasimulia habari hiyo tu.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua ndefu, tulipata shida ambayo wakulima bado wanaitaja. Kati ya Nakuru na Molo tuna njia mbili za faiba, nyaya za kioo zinazopitisha mwanga. Moja hufanya kazi, nyingine huzuiliwa ingoje zamu yake. Na kila njia ni nyuzi mbili nyembamba kama unywele: mmoja wa kupeleka, mmoja wa kupokea. Siku ile, katika njia inayofanya kazi, uzi mmoja tu ulikufa, ule ambao Molo hutumia kusikia. Uzi wa kusema ulibaki mzima. Katikati kuna vifaa vya kupokezana mwanga, kwa hiyo taa zote ziliendelea kuwaka kijani, na mtu akiangalia angesema kila kitu ni kizima. Swichi ya Molo, kile kifaa kinachoelekeza ujumbe upite njia ipi, haikusikia chochote kutoka kwetu, ikaamua njia hiyo imekufa, ikaifungua ile ya akiba. Lakini ile ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa bado inasema. Ujumbe ukatoka Molo kwa njia moja, ukarudi Molo kwa nyingine, ukatoka tena, ukazunguka na kuongezeka hadi mtandao wote ukasongwa na kunyamaza. Wakulima walisimama kwenye vituo na mikebe yao, mizani haikubali, na maziwa hayangoji mtu. Mengi yalimwagwa. Nilikwenda kituo kimojawapo kuomba radhi, na mama mmoja akaniambia kwa upole, "Mzee, mwambie huyo kompyuta yako ng'ombe yangu haina batani ya kuzima." Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Mkuu wetu kazini ni mwanamke kijana, amesoma akasomeka, na hana kiburi. Ananiita baba. Baada ya aibu ile aliamua tuweke ulinzi unaoitwa UDLD katika kila njia. Alinieleza kwenye ubao, na nikiri niliupenda siku ile ile, kwa kuwa niliuona ni wa kwetu. Swichi hutuma salamu kwa jirani yake kila baada ya muda mfupi, na ndani ya salamu hutaja jina lake na tundu ambalo waya wake umeingia. Jirani anapojibu, haitoshi aseme amesikia. Ni lazima arudishe jina la aliyemsalimu: nimekusikia wewe, fulani, wa tundu fulani. Jibu lisipokuwa na jina lako, halihesabiwi. Na ukipanga ulinzi huo katika hali yake kali, jirani aliyekuwa akijibu akinyamaza, swichi humwita mara chache, kisha hufunga tundu lile kabisa. Halifunguki mpaka mtu aje alifungue, au apange lijifungue baada ya muda.

"Tutaweka kali," mkuu alisema. "Njia bubu ni mbaya kuliko njia iliyokatika. Iliyokatika utajua."

Kazi yenyewe ni ndogo. Ukishaingia mahali pa kupanga tundu, amri ni maneno matatu. Lakini ulinzi huu hauna maana ukiwekwa upande mmoja, na sisi tuna sheria kwamba mpango wowote unaoweza kukata njia hufanywa kila upande na mtu wake aliyesimama mbele ya swichi. Ukiifanya kwa mbali na ukakosea, umejifungia nje, na huna pa kupitia kwenda kurekebisha. Basi nilimpigia rafiki yangu, nikamweleza yote, nikamsomea maneno yale matatu herufi kwa herufi.

"Umeyapata?"

"Amina," akasema.

"Kwenye njia zote mbili, eh?"

"Amina, ndugu yangu. Zote."

Nikafanya upande wangu na kuiuliza swichi jirani yake anasemaje. Jirani hakusema kitu. Njia zilikuwa wazi, zinafanya kazi, lakini mahali pa hali ya ulinzi paliandikwa kwamba haijulikani. Nikampigia tena.

"Umeshafanya?"

"Nimefanya. Upande wangu uko sawa."

Mkuu alipita akachungulia kioo cha kompyuta yangu. "Wazee, mmemaliza ama bado mnaombeana?"

"Tunamalizia, madam."

"Molo bado haijulikani, baba."

"Itajulikana."

Siku iliyofuata ilikuwa vile vile. Nilimpigia, akaitikia kwa sauti yake nzuri ya mtu wa kwaya, akasema amefanya, akanibariki. Nilibadilisha waya upande wangu, nikasafisha ncha zake kwa kitambaa, nikahamia tundu lingine. Nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwake. Mkuu naye alikuwa amesikia mazungumzo yetu mara kadhaa, na mchana ule alivuta kiti akaketi.

"Baba, nikuulize. Huyu mzee wa Molo yuko sawa kweli?"

"Ni fundi kunishinda mimi."

"Sijauliza ufundi. Kile chumba kiko na yeye peke yake. Kama hawezi, lazima nijue, na nitamtoa. Sitaki, lakini nitamtoa."

Chumba kile ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba viazi vinaweza kulimwa na watoto wake, ila siku atakayokosa mahali pa kuvaa shati lililopigwa pasi, ataanza kufa. Jioni nilimpigia mkewe, ambaye namwita dada.

"Dada, ndugu yetu haumwi?"

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Shemeji, ndugu yako ananijibu amina hata nikimwambia ng'ombe wametoroka. Nilimwambia juzi paka ameanguka kwa debe la maziwa. Amina. Anakunywa chai, anauliza chai iko wapi. Lakini akitoka nje, watu wakimsalimu, anaitikia vizuri kabisa, na wao wanasema, mzee wako ana afya, mama. Nitawaambia nini?"

"Tangu lini?"

"Nani anajua tangu lini? Amina ni amina."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho rafiki yangu alinijibu kitu ambacho hakikuwa ndani ya salamu, na sikukumbuka.

Asubuhi yake tulipanda Molo na mkuu, yeye akiendesha gari la ofisi. Tulipita Njoro na Elburgon, malori ya viazi yakishuka na kupishana nasi, na ukungu ulikuwa haujatoka mashambani. Niliomba njia nzima. Sikuomba muujiza. Niliomba tumkute akiwa amekosea kitu kidogo, waya katika tundu lisilo lake, kosa ambalo mtu yeyote angekosea, tucheke, tunywe chai, turudi.

Tulimkuta ameketi mbele ya kompyuta ndogo iliyounganishwa na swichi. Amevaa koti zito na kofia ya sufu, na chini yake shati limepigwa pasi. Chumba kilikuwa kisafi, hata vumbi la juu ya makabati lilikuwa limefutwa. Alitugeukia uso ukiwaka.

"Bwana asifiwe!"

"Amina," tukasema sote wawili.

"Karibuni, karibuni. Nipo katikati ya kupima."

Mkuu aliinama kutazama kioo. Kulikuwa na mistari mingi ya amri, na chini ya kila mmoja swichi ilikuwa imeweka kile kialama chake kidogo chenye umbo la kofia, kinachoonyesha mahali ulipokosea. Kila kialama kilikuwa chini ya herufi ya kwanza kabisa. Amri ile ile, tena na tena, na ile ile kukataliwa.

"Hii ni lugha gani?" mkuu aliuliza polepole. "Baba, wewe unaijua?"

Niliijua. Ilikuwa lugha ya mtambo wa simu tuliofanyia kazi tukiwa vijana, mtambo uliozimwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu kabla huyu binti hajamaliza shule ya msingi. Ilikuwa amri ya kupima laini ya mteja, kuona kama ni nzima hadi nyumbani kwake. Hakukosea hata herufi. Sijui mtu mwingine yeyote aliye hai ambaye angeiandika vizuri vile bila kitabu. Na mwishoni mwa kila mstari palikuwa na namba ya simu ya mezani, ambayo nilihitaji muda kuitambua kwa kuwa sikuwa nimeiona kwa miaka mingi.

Ilikuwa namba yangu. Ya nyumba ile ya Section 58.

Aligusa mkono wangu. "Nimekupima toka jana. Laini yako haitoi mlio." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa ripoti, lakini macho yalikuwa na hofu. "Unaniambia uko sawa, uko sawa, na mimi nikipima hakuna mlio. Nikasema huyu ameondoka bila kuniaga."

"Sijaondoka," nikamwambia. "Niko hapa."

"Amina."

Mkuu alisimama wima, akageukia ukutani, akajifanya anasoma kipimo cha joto la chumba. Alikisoma kwa muda mrefu. Aliporudi alivuta viti viwili, akaniketisha upande mmoja wa rafiki yangu na yeye akaketi upande wa pili. "Wazee," akasema, "tuandike pamoja." Nikayasoma maneno yale matatu. Rafiki yangu akaandika la kwanza. Nikasoma la pili, akaandika. La tatu lilimshinda, vidole vikarudi kwenye lugha ya zamani. Mkuu hakumwondoa mkono. Alimtajia herufi moja moja kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, bila haraka, hadi mwisho. Tukafanya njia ya pili. Kisha nikaiuliza swichi, na mbele yetu watatu ikajibu kwamba Nakuru inaisikia Molo na Molo inaisikia Nakuru, kwa majina, pande zote mbili.

"Unaona?" rafiki yangu akasema. "Sasa laini yako iko hai."

Mkuu aliniita nje. Kulikuwa na baridi ya kukata, na alikuwa amejikunyata ndani ya sweta.

"Siwezi kumwacha hapa, baba."

"Najua."

"Unanichukia?"

"Hapana, binti yangu. Umeketi naye. Wengine wangemsimamisha mlangoni."

Aliniachia mimi nimwambie, na ndilo neno gumu kuliko yote niliyowahi kuyabeba, zaidi hata ya yale ninayopewa na kanisa kubeba kwenda kwa wafiwa. Nilimwambia kwamba chama kimeamua apumzike, kwamba atakuja mtu mwingine kutunza chumba. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema amina. Nikamweleza tena, kwa maneno mengine, kwa kuwa sasa sikuweza kuiamini amina yake, na nilijichukia kwa kutoiamini. Mara ya pili alitoa funguo mfukoni, akazitazama, akaniwekea mkononi, akafunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Usiziache kwenye baridi," akasema. "Zinashika kutu."

Tuliomba kabla ya kuondoka. Niliomba mimi. Yeye aliitikia "Amina" katikati ya sentensi, mahali ambapo hapakuwa na mwisho, tena na tena, kwa moyo wote. Nilikuwa sijasema hata tunachoomba.

Kazi Nakuru inaendelea. Ulinzi ule umefanya kazi yake. Mara moja tangu wakati ule uzi mmoja ulilegea, swichi ikafunga tundu kabla madhara hayajatokea, na hakuna maziwa yaliyomwagika. Mkuu alifurahi, nami nilifurahi pamoja naye. Nilikwenda kulifungua mwenyewe. Lakini nikiwa nimesimama pale na tochi niliona ugumu wa jambo lile, kwamba unaita mara chache tu, husikii jina lako, unafunga. Kwa mitambo ni hekima. Mimi nimeomba tangu nikiwa kijana, na kwa masikio haya sijawahi kusikia sauti ikinitaja jina, na sijafunga. Wala sijajuta.

Niliendelea kumpigia kila asubuhi. Mkewe alimwekea simu sikioni. Kwa muda nilisema "Bwana asifiwe," naye akaitikia, na mimi nikabaki sijui aliitikia nani. Angeweza kuwa anamwitikia muuza mboga. Ndipo siku moja, sijui kwa nini nilichelewa hivyo kufikiri, nikaacha kuanza na salamu. Nilitaja namba ile ya zamani, tarakimu baada ya tarakimu, kama tulivyokuwa tukiitana kwenye laini za majaribio.

Nikasikia ng'ombe, na mlango. Kisha akairudia. Yote, kwa mpangilio, kwa sauti ya fundi aliye zamu, na akaongeza, "Mlio upo."

Niliketi chini kwenye sakafu ya chumba cha mitambo, mzee kama mimi, koti bado mwilini.

Tuliendelea hivyo kwa muda, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja ya asubuhi hizo. Mkewe alisema ndilo jambo la pekee linalomfanya akae wima kitandani. Halafu tarakimu zilianza kumpotea. Kwanza aligeuza mbili za mwisho. Baadaye akawa anasimama katikati, anangoja nimsaidie, nami namsaidia, naye anasema "Eh, ndiyo hiyo," kwa heshima, kama mtu anayerudishiwa kitu ambacho hakumbuki kukipoteza.

Wiki hii alisema tarakimu ya kwanza. Nilingoja. Mvua ilikuwa inagonga mabati ya kwao, naye alikuwa anapumua. Mkewe akachukua simu. "Shemeji, nadhani amechoka. Nikate?"

"Usikate, dada," nikamwambia. "Mwache sikioni."

Akairudisha. Nikakaa kwenye laini bila kusema neno.